Mume amekuta michoro yangu, anauliza huyu mwanamume ni nani

Shikamoo Somo,

Nakuandikia nikiwa ofisini, wenzangu wametoka kwenda kula, maana nyumbani siku hizi siwezi kushika kalamu bila mtu kuja kunichungulia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Dar es Salaam, nina watoto wawili. Mume wangu ni wakala wa forodha bandarini. Ni mpole, hanywi, hajawahi kuniinulia mkono. Nakwambia haya mapema usije ukadhani nimekuja kumsema.

Mwanzoni mwa mwaka huu rafiki yangu alinipeleka kwenye darasa la Jumamosi, wanaliita sanaa ya kujieleza. Tunaanza kwa kucheza pekupeku, ngoma zinapigwa, taa zimepunguzwa. Hakuna hatua za kufundishwa, kila mtu anaufuata mwili wake. Ukishalowa jasho unakaa sakafuni, unapewa karatasi kubwa na mkaa wa kuchorea, unachora kabla akili haijaanza kukukataza. Mwalimu anasema ndani ya kila mtu kuna mnyama ambaye dini, shule na ndoa vimemfunga kamba, na kazi yetu pale ni kumfungulia.

Somo, sijawahi kuchora tangu shule ya msingi. Lakini siku ile ya kwanza mkono ulienda wenyewe. Nilichora mgongo wa mwanamke, nao ni mgongo wangu, umeota madoa ya chui kuanzia kiunoni kwenda juu. Jumamosi nyingine nikachora matiti yaliyonyonyesha yakalegea, nikachora mikono ya kiume isiyo na mwenyewe. Kisha nikachora mwanamke amemkalia mwanamume, naye yule mwanamume hana uso. Nilipomaliza nililia, na wala sikuwa na huzuni. Hata nyumbani, usiku, nikawa mwingine. Mume wangu aliona, akafurahi, hakuuliza.

Sasa mwezi uliopita alikuwa anatafuta kadi ya gari kabatini, akakutana na daftari langu. Nilimkuta ameketi kitandani, anafunua ukurasa baada ya ukurasa. Hakupiga kelele. Aliweka kidole juu ya yule mwanamume asiye na uso, akasema, "Huyu ni nani?" Nikamjibu si mtu yeyote. Akasema, "Mtu hachori asichokiona."

Tangu hapo analala amegeukia ukutani. Na kibaya zaidi alimweleza dada yake. Wifi yangu ameshatoa hukumu: nina jini mahaba, yale madoa ya chui ndiyo ushahidi, nipelekwe nikasomewe na daftari lichomwe moto. Daftari nimelihamishia chumba cha watoto, ndani ya sanduku la sare zao za zamani, maana huko hapekui mtu.

Nilimweleza mwalimu. Akasema mume wangu anaogopa nguvu zangu. Anaandaa maonyesho na anataka michoro yangu iwemo. Anasema pia kwamba nimefika mahali ambapo darasa halinitoshi, niende kwake jioni za katikati ya wiki, peke yangu, nivue nguo anichore, ili aibu iishe. Alituonyesha picha za mchoraji wa Vienna, Egon Schiele, kama mfano wa mtu aliyechora bila aibu. Roho moja inaniambia nenda, ada nimeshalipa hadi Desemba, usirudi nyuma. Roho nyingine inasita.

Je, nina kasoro, Somo? Niache? Na huyo mwanamume asiye na uso nimwelezeje mume wangu, ikiwa hata mimi simjui?

Mkono wa Mkaa, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na mwalimu wako, kwa sababu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko jini la wifi yako. Jioni usiende kwa mwalimu huyo.

Kuchora mwili wa uchi ni kazi halali ya sanaa, inafundishwa vyuoni duniani kote, nami sina ugomvi nayo. Lakini kazi hiyo ina taratibu zake. Anayechorwa hukaa mbele ya darasa zima, kwa muda uliopangwa, mara nyingi kwa malipo. Ana pa kuvulia nguo, hagusi mtu wala haguswi, na akisema basi, ni basi. Hakuna anayemwambia kwamba kuvua nguo ni dawa yake. Wako pia waliosomea kutibu watu kwa njia ya uchoraji, na hao humwachia mgonjwa karatasi achore mwenyewe. Hawamwiti jioni wakamchora wao. Mwanamume anayekutaka peke yako, usiku usiku, bila nguo, halafu anakwambia kwamba kusita kwako ndio ugonjwa wenyewe, huyo hasomi michoro yako. Anasoma ratiba ya mume wako. Ile roho inayosita ina akili nzuri, ipe nafasi.

Na habari za huyo Schiele wake mwalimu amekusimulieni nusu. Mwaka 1912 alikamatwa katika mji mdogo wa Neulengbach, karibu na Vienna, akakaa rumande na jela jumla ya siku 24. Mashtaka mazito yaliyomkabili yalianguka. Kilichomtia hatiani ni kwamba aliacha michoro ya uchi mahali ambapo watoto waliokuwa wakiingia chumbani kwake wangeweza kuiona. Hakimu akaunguza mchoro mmoja kwenye mwali wa mshumaa, mle mle mahakamani. Kuuchoma ulikuwa ushenzi, sina neno jingine. Lakini kuhusu watoto sheria haikukosea, na ndiyo maana nakuomba uache kusoma hapa, uende chumba cha watoto ukalitoe daftari. Umelificha mahali pabaya kuliko pote. Sanduku la sare ndilo la kwanza kupekuliwa siku shule ikitangaza mchezo wa kuigiza.

Umeshalitoa? Haya.

Sasa huyu mnyama. Umezaliwa Tanga, mwanangu, halafu unalipa ada kwenda kuambiwa kwamba sisi tulifungwa kamba tangu zamani na sasa kaja mtu wa kutufungulia! Bibi zako walimwingiza mwali ndani wakampigia ngoma. Wakamwimbia nyimbo zenye mafumbo ambazo nyingine siwezi kuziandika hapa, waliochezwa wanazijua. Akafundishwa kiuno, akafundishwa usafi, akaambiwa kwamba starehe ya kitandani ni ya wawili. Bi Kidude wa Unguja, Fatma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu na mwaka 2005 ikampa tuzo kubwa ya muziki ya WOMEX. Lakini wanawake wa Unguja walimjua kwanza kama mwenye unyago wao. Ile ngoma ndefu ya msondo alikuwa anaifunga kwa kanga kiunoni, anaipanda, anaipiga imekaa katikati ya mapaja. Ukimwona bibi kizee wa umri ule juu ya msondo, huhitaji mtu akueleze kwamba matamanio na sanaa ni majirani wa siku nyingi.

Bara nako hawakubaki nyuma. Wazaramo na Wakwere walimpa mwali aliyewekwa ndani kinyago kidogo cha mti, mwana hiti, kina kichwa na kiwiliwili na vijiti viwili vya matiti, hakina mikono wala miguu. Mwali alikitunza, akakiogesha, akakipaka mafuta kama mtoto. Kwenye makabila mengine palikuwa na vinyago vya udongo, watu na wanyama na vyombo, na kila kimoja na wimbo wake wa kumfunza mwali. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Tanganyika zama za Waingereza, alivikusanya, na mwaka 1956 akachapisha kitabu kizima juu yake. Nenda kwa Wamakonde: mwanamume anacheza mapiko, ngoma yao ya vinyago, akiwa amevaa kiwiliwili cha mti cha mwanamke mjamzito, tumbo limejaa, kitovu kimetoka, chale zimechorwa vizuri. Na Mwana Kupona wa Siu, mjane mcha Mungu, alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858, katikati ya maneno ya dini alimpa na ya kujipamba na kujitia manukato kwa ajili ya mume. Hakuona kwamba yanagongana.

Katika yote hayo, hakuna aliyemwambia mwali afungulie mnyama. Mnyama ana msimu wake, ukifika anapanda, umekwisha. Beberu hangojei asumini ifunguke jioni ndipo isukwe kikuba. Sisi ndio tunaongoja, tunaofukiza udi, tunaovaa shanga ambazo hakuna atakayeziona isipokuwa mmoja, tunaosema kwa kanga yale ambayo mdomo hauwezi. Hamu ya binadamu haiji uchi. Inakuja na wimbo, na rangi, na fumbo, na ndiyo maana mkono wako uliposhika mkaa hukuchora jike la chui kamili. Ulichora mgongo wako wewe, wenye makovu yake, ukauvalisha madoa. Hilo ni pambo, mwanangu. Mwalimu wako anaona mnyama aliyefunguliwa, mimi naona mwanamke aliyejipamba baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo kasoro sioni. Mwili wako kwa miaka kumi au zaidi umekuwa mwili wa kazi: umezaa, umenyonyesha, umebanwa kwenye daladala za Tabata asubuhi na jioni, umekaa kwenye kiti cha ofisi. Siku moja ukaambiwa cheza tu, hakuna anayekuhitaji kwa saa tatu. Ajabu ingekuwa usilie. Umechora matiti yaliyolegea, tena umeyachora kama yalivyo, na hapo ndipo nilipokupenda. Kulikuwa na mchoraji wa Kijerumani, Paula Modersohn-Becker. Mwaka 1906, siku ya kutimiza miaka mitano ya ndoa yake, alijichora nusu uchi, ameshika tumbo kama mjamzito, na mimba hana. Wanawake wamechorwa uchi na wanaume kwa karne nyingi. Yeye ni katika wa kwanza kujulikana kwamba alijitazama mwenyewe kwenye kioo akajichora hivyo, si mrembo wa kuuzwa, mtu tu aliyekuwa anajiuliza mwili huu ni wa nani. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kike kwelikweli, na siku chache baadaye akafariki, ana miaka 31. Picha ile sasa watu wanasafiri kwenda kuitazama.

Wifi yako na jini mahaba nitawapitia haraka. Kisomo sikikatai, kusomewa Kurani hakujamdhuru mtu. Ninachokataa ni kukigeuza hukumu, yaani ukikubali kwenda umekiri, ukikataa kwenda ndiyo jini linakukatalia. Mafundi wa Kimakonde wamechonga mashetani tangu miaka ya 1950, tangu Samaki Likankoa anayetajwa kuwa ndiye mwanzilishi wa mtindo ule, viumbe vyenye jicho moja, matiti mpaka magotini, viungo vimesokotana huwezi kujua kipi cha nani. Nenda Mwenge uwaangalie wanaochonga hadi leo: wanakunywa chai, wanalipa ada za watoto, wanalalamikia bei ya mpingo. Hakuna aliyepagawa. Chui wa kwenye karatasi hamlii mtu kondoo.

Tuje kwa mumeo, maana hapo ndipo penye kazi.

Yeye hakukuuliza kuhusu sanaa. Aliuliza huyu ni nani. Ameona mikono ya kiume isiyo yake, ameona mwanamke anayejua ni mkewe, na amekumbuka kwamba miezi hii umekuwa mwingine kitandani. Akajumlisha. Mtu wa forodha hufanya kazi ya kukagua kama kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo ndani ya kontena. Amekosea hesabu, lakini usimcheke, na usimwambie haelewi sanaa. Na usimdanganye kwamba aliyechorwa ni yeye, kama si yeye. Atajua, na hilo ndilo litakalomfanya amtafute mwingine kwa kweli.

Mwambie hivi, kwa maneno yako na si mbele ya watoto: sura haipo kwa sababu sikuwa nachora mtu, nilikuwa nachora hamu, na hiyo hamu kila siku nilirudi nayo kwako. Wewe ndiwe uliyeipata. Mkumbushe, kwa upole, kwamba aliifurahia kabla hajajua inatoka wapi. Na mweleze habari ya mwalimu yote, pamoja na ule mwaliko wa jioni, na kwamba umekataa. Utaogopa. Mweleze tu, kwa sababu akilisikia kwa rafiki yako aliyekupeleka, hakuna mchoro utakaokuokoa.

Halafu jaribu jambo hili. Siku ambayo watoto wako kwa bibi yao, mwombe akae mezani, na nguo zake, na redio yake ikiwaka kama anataka, umchore mikono. Mikono tu. Vidole vyenye wino wa mihuri, saa, kovu kama analo. Usimwambie asitikisike, mwache ashike hata simu. Utakuta kwamba kumchora mtu kunalazimu umtazame kwa dakika nyingi bila kusema, na sidhani kama mmetazamana hivyo tangu fungate. Mikono isiyo na mwenyewe unayo tayari kwenye daftari, ongeza na yenye mwenyewe. Akikataa, usimlazimishe wala usinune.

Naye ana kosa lake, nalo mwambie usilimeze: alilitoa jambo la chumbani akampelekea dada yake. Mambo haya tangu zamani yana mlango. Unyagoni mwanamume haingii na mtoto haingii. Ngoma ya chakacha ya Mombasa na Lamu ilikuwa ya wanawake peke yao kwenye harusi, wakajimwaga wapendavyo, na asubuhi kila mtu na buibui lake. Siku ilipopandishwa jukwaani kuna watalii, na baikoko ya kwetu Tanga ilipotoka uani ikaingia barabarani na kwenye simu, ndipo ugomvi ulipoanza, wazee wakalaani, serikali ikaingilia. Viuno ni vilevile. Waliobadilika ni watazamaji.

Kwa sababu hiyo hiyo, maonyesho ya mwalimu kataa. Hujui nani atapiga picha, na ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp yenye jina lako hutaweza kuirudisha. Tena Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokataza kusambaza ponografia mtandaoni, na sitaki uwe wewe wa kwenda kumweleza afande tofauti ya ponografia na mkaa juu ya karatasi. Kama umeshampa mwalimu mchoro wowote, udai urudi, na michoro iliyomo kwenye simu yako ifute. Siku moja ukitaka kuonyesha kazi zako, utachagua mwenyewe ipi na wapi. Mumeo sisemi umwombe ruhusa kama mtoto, nasema asijulie kwa watu.

Kuchora usiache. Daftari lisichomwe, tafuta kisanduku chenye kufuli. Darasa lile liache, lakini huyo rafiki yako na mwingine mmoja au wawili mnaoaminiana mnaweza kukutana Jumamosi hiyo hiyo kwa mmoja wenu, mkafunga mlango, mkacheza mkalowa, mkachora. Mkaa wa jikoni unachora vizuri tu, chagua vipande vyembamba, visivyo na mchanga. Ada uliyolipa hadi Desemba idai. Wakikataa kurudisha iache iende, isije ikawa ndiyo sababu ya kukurudisha kwenye ile jioni ya katikati ya wiki.

Somo